UZI: Lisbon kwa miguu – namna ya kuusoma mji uliobomoka 1755 na kujengwa upya

#1 Chokaa na Mawe

Wakuu salaam,

Mtu akiuliza humu kuhusu Lisbon, mji mkuu wa Ureno, anajibiwa mambo mawili: panda tramu ya njano, kula pastel de nata, ile keki ndogo ya mayai. Si vibaya, ila ukiishia hapo umepita mji wa watu kama unapita stendi. Uzi huu ni wa wanaotaka kuangalia majengo, mawe ya njia na historia iliyojificha ukutani. Wenye ujuzi wa vigae, usafiri na mengineyo mtajazia.

Anzia na tarehe moja: Jumamosi, 1 Novemba 1755, kama saa 3:40 asubuhi. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka kila altare. Tetemeko likapiga. Baada ya muda bahari ikavuta maji, kisha ikayarudisha kwa mawimbi yaliyopanda hadi mitaani. Moto wa mishumaa na majiko ukamalizia kazi kwa siku kadhaa. Jumba la mfalme lililokuwa ukingoni mwa mto Tejo likatoweka pamoja na maktaba yake. Mfalme José wa Kwanza alinusurika kwa sababu siku hiyo familia yake ilikuwa Belém, magharibi ya mji. Baada ya hapo hakutaka tena kulala chini ya paa la mawe, akajengewa makazi ya mbao juu ya kilima cha Ajuda.

Sasa chukua ramani. Katikati kuna Baixa, bonde tambarare. Mashariki yake ni kilima cha ngome ya São Jorge chenye Alfama ubavuni, na magharibi ni Chiado na Bairro Alto. Baixa imekaa juu ya udongo laini ulioletwa na maji. Udongo wa namna hiyo ukitikiswa unazidisha mtikisiko. Sehemu kubwa ya Alfama imekaa juu ya mwamba. Ndiyo maana hadi leo Alfama ina vichochoro vilivyopinda, ngazi na vibaraza vya tangu zama za Waislamu waliotawala mji huu mpaka 1147, ilhali Baixa imenyooka kama karatasi ya hesabu. Mita mia chache tu zinatenganisha miji miwili ya zama tofauti.

Njia ninayoshauri: anzia Cais das Colunas, zile nguzo mbili majini, uupe mto mgongo. Mbele yako ni Praça do Comércio, mahali lilipokuwa jumba la mfalme. Wenyeji wengi bado wanapaita Terreiro do Paço. Sanamu ya mfalme juu ya farasi ni ya Machado de Castro, ilizinduliwa 1775. Pita chini ya tao la Rua Augusta, ambalo lilichukua zaidi ya karne moja kukamilika, na kama una nafasi panda lifti yake hadi juu. Ukiwa pale tazama kaskazini uone mitaa ya Baixa ilivyonyooka, kisha geukia mashariki uone nyumba za kilimani zilivyosongamana. Baada ya kutazama hivyo, kila kitu utakachokiona chini kitakuwa na mahali pake.

Majina ya mitaa nayo yasome. Amri ya Novemba 1760 iligawa mitaa kwa kazi: Rua do Ouro kwa masonara wa dhahabu, Rua da Prata kwa wa fedha, Rua dos Sapateiros kwa washona viatu, Rua dos Correeiros kwa mafundi wa mikanda na hatamu, Rua dos Fanqueiros kwa wauza vitambaa. Leo nyingi ni hoteli na maduka ya zawadi, majina yamebaki.

#2 NyotaNjema

Mkuu uzi mzuri. Swali la mshamba: Baixa majengo yote yanafanana, ghorofa kwa ghorofa, dirisha kwa dirisha. Hapo cha kusoma ni nini? Mimi naona kama kota za serikali.

#3 Boriti

Dada NyotaNjema umegusa penyewe. Yanafanana kwa makusudi, na uzuri wake hauko nje, uko ndani ya ukuta. Ngoja niweke nyama.

Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, alimkabidhi kazi mhandisi mkuu Manuel da Maia, mzee wa karibu miaka 80. Maia akaorodhesha njia mbalimbali, kuanzia kujenga kama zamani hadi kuhamishia mji kwingine. Ikachaguliwa njia ya kusafisha bonde lote na kuchora upya, mitaa mikuu ikipewa upana wa palmo 60, yaani kama mita 13. Waliochora ni Eugénio dos Santos na Carlos Mardel.

Anza chini kabisa. Udongo ni laini na umejaa kifusi cha tetemeko, kwa hiyo walipigilia magogo mafupi ya msonobari, wakalaza juu yake fremu ya magogo mengine, halafu ndipo msingi wa mawe ukakaa. Msonobari ukiwa ndani ya maji muda wote hauozi, kwa sababu fangasi wanaoula wanahitaji hewa. Hili likumbuke, nitalirudia.

Ghorofa ya chini ni nguzo za mawe, matao na dari za matofali zilizopinda. Huko ndiko kulikuwa na maduka na karakana, na dari ya matofali ilizuia moto usipande kwa wakazi. Kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu ndipo unaanza mfumo wenyewe, gaiola, maana yake tundu la ndege. Ni kiunzi cha mbao: nguzo za wima, boriti za mlalo, na katika kila mraba mbao mbili zilizopishana kama herufi X. Nafasi kati ya mbao hujazwa mawe madogo, vipande vya matofali na chokaa, kisha hupigwa lipu. Ukiingia ndani unaona ukuta wa kawaida tu.

Kwa nini X? Mraba mtupu wa mbao ukisukumwa ubavuni unalala upande. Ukiuwekea ulalo unakuwa pembetatu, na pembetatu haibadiliki umbo mpaka mbao ivunjike au kiungo kiachie. Tetemeko likija, ukuta wa nje wa mawe unaweza kupasuka hata kuanguka, lakini tundu la ndani linabaki limeshika sakafu na paa, watu wanatoka wazima. Inasemekana walijenga kielelezo wakawaamuru askari wapige kwata kukizunguka ili kukitikisa.

Jambo lingine ni ukuta wa kuzuia moto. Tazama mapaa ukiwa juu: kati ya jengo na jengo kuna ukuta uliochomoza juu ya vigae vya paa. Umewekwa ili moto wa nyumba moja usirukie ya pili.

Na huko kufanana kunakomkera dada: mawe ya madirisha, milango na mbao vilikatwa kwa vipimo vya aina moja, vingine mbali na eneo la ujenzi, vikaletwa kuunganishwa tu. Bila hivyo mji ungechukua muda mara mbili kusimama.

#4 Kibegi

Mkuu Boriti, hayo majengo mpaka leo yako salama? Maana likija lingine...

#5 Boriti

Yaliyoachwa kama yalivyojengwa yana nafuu. Tatizo ni binadamu. Makosa yanayorudiwa ni haya.

Wenye maduka wanabomoa kuta au nguzo za ghorofa ya chini wapate ukumbi mpana na vioo vikubwa. Jengo linabaki na juu pagumu, chini palegevu, na tetemeko litavunja pale pale chini. Mafundi wa mabomba wanakata ile mbao ya ulalo ili bomba lipite. Wanaona kipande kimoja tu, kumbe ndicho kilichokuwa kinafanya kazi. Ghorofa za nyongeza: mpango wa mwanzo ulikuwa ghorofa ya chini, tatu juu yake, na chumba cha darini. Hesabu madirisha utaona mengi yamezidi. Wengine wanang'oa sakafu ya mbao na kumwaga zege, uzito unapanda na kuta za zamani hazikukusudiwa kuubeba.

Na kuna magogo ya msingi niliyosema nitayarudia. Mashimo ya metro, maegesho ya chini na vyumba vya chini vinabadilisha mkondo wa maji ya ardhini. Maji yakishuka, vichwa vya magogo vinapata hewa, na vinaanza kuoza.

Ukitaka kuyaona kwa macho, nenda Núcleo Arqueológico, Rua dos Correeiros, chini ya jengo la benki. Unaingia na mwongozaji kwa vikundi vidogo, kwa hiyo panga nafasi mapema. Kuna mabirika ya Warumi ya kutia samaki chumvi, na humohumo kuna magogo ya karne ya 18 yakiwa bado mahali pake. Kwa gaiola yenyewe, chungulia mikahawa na hoteli za Baixa zilizokarabatiwa. Baadhi zimeacha X wazi ukutani kama pambo.

Msichanganye na majengo ya baadaye. Kuanzia miaka ya 1870 hadi 1930 hivi yalijengwa yale yanayoitwa gaioleiro, mengi yako Avenidas Novas. Kwa nje yana nakshi nyingi na balkoni za chuma, ni mazuri kuliko ya Baixa, ila ndani mbao za ulalo zimepunguzwa au hazipo kabisa, na matofali ni hafifu. Wakaguzi wa majengo wanayaogopa hayo kuliko ya Pombal.

#6 Mzee wa Ngazi

Umeeleweka Boriti. Naongeza mahali pamoja: Convento do Carmo, nyuma ya ile lifti ya chuma ya Santa Justa. Kanisa la mtindo wa Gothic lililoanzishwa 1389. Paa lilianguka 1755 na halikurudishwa. Matao yamesimama wazi, juu yake ni anga. Ndani ni makumbusho ya akiolojia. Uwanja wa mbele, Largo do Carmo, ndiko waziri mkuu Marcello Caetano alikozingirwa na kujisalimisha tarehe 25 Aprili 1974. Utawala ulioanguka siku ile ndio uliokuwa unapigana vita Msumbiji, na FRELIMO ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Uhuru wa Msumbiji ulikuja Juni mwaka uliofuata. Kwa hiyo ule uwanja mdogo wenye miti unatuhusu.

#7 Mwana wa Kisiwani

Kama ni kutuhusu, basi kuna kitu kimoja Lisbon ambacho Mswahili akikikosa ni sawa na hakwenda: Custódia de Belém, katika Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes.

Ni chombo cha ibada cha Kikatoliki, cha kuwekea hostia (mkate wa ibada), kimo chake kama sentimita 73, dhahabu iliyonakshiwa rangi za kioo. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka, kila mmoja na sura yake, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Shina lina tufe za pete, nembo ya mfalme Manuel wa Kwanza. Kilitengenezwa na sonara Gil Vicente, kikakamilika 1506. Sasa inama usome maandishi kwenye kitako: yanasema mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Quiloa ni Kilwa, Kilwa Kisiwani hii hii ya Lindi.

Mlolongo wake ni huu. Dhahabu ilichimbwa bara, nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, na Kilwa ndiyo iliyokuwa imeshika biashara hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alifika Kilwa na mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim akubali kulipa kodi ya kila mwaka. Alirudi Lisbon 1503 na dhahabu hiyo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na jeshi, akaiteka Kilwa na kujenga ngome, mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Kwa maana hiyo, sonara alipokuwa akimalizia kazi yake Lisbon, mji uliotoa dhahabu ulikuwa umeshaporwa. Ngome yenyewe Wareno waliiacha 1512.

Kwa vitendo: makumbusho hufungwa Jumatatu. Panda basi 713, 714 au 727. Ukija kwa tramu 15E utashukia chini karibu na mto, upande ngazi. Usitegemee maelezo mengi kuhusu Kilwa. Maandishi ya ukutani yanampa sifa sonara na mfalme. Mwanga wa kabati unaakisi, kwa hiyo simama ubavuni ndipo herufi za kitako zinasomeka. Katika jengo hilohilo tafuta paravani za Kijapani zinazoonyesha Wareno wakishuka melini. Zina watumishi weusi, nao ni sehemu ya historia hii ya bahari yetu.

#8 Kibegi

Hapo mkuu umenikoroga. Si wairudishe basi?

#9 Mwana wa Kisiwani

Huo mjadala unastahili uzi wake. Ninachoweza kusema: hakikuwa kitu kilichoibwa Kilwa kikiwa kizima, kiliyeyushiwa na kuundwa Lisbon. Hivyo hoja ya kukirudisha ni tofauti na ya sanamu zilizobebwa kama zilivyo. Hoja yangu mimi ni ndogo: Kilwa iandikwe jina kwa herufi kubwa kwenye kabati, pamoja na maelezo ya namna dhahabu ilivyopatikana.

Na ukitoka pale usiende Belém ukiwa mtupu kichwani. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 hivi wa bidhaa za Afrika na Asia. Jiwe lake ni lioz, jiwe la chokaa la karibu na Lisbon, linakatika vizuri likiwa bichi. Nguzo zake zimechongwa kamba za meli, mafundo, majani na matumbawe. Kaburi la Vasco da Gama liko humo, mlangoni kushoto. La mkono wa kulia ni la mshairi Camões. Mchongo wa makaburi yote mawili ni wa karne ya 19, msije mkadhani ni wa zama zao.

Dokezo: kanisa lenyewe huingii kwa tiketi, tiketi ni ya ua wa ndani wenye matao. Foleni huwa mbili na wageni wengi hujipanga kwenye isiyo yao. Uliza kabla ya kusimama juani.

Ule mnara wa mabaharia ukingoni, Padrão dos Descobrimentos, si wa kale. Ulijengwa kwa muda 1940 kwa maonyesho ya utawala wa dikteta Salazar, ukabomolewa, ukajengwa upya kwa zege na mawe 1960. Uutazame kama tangazo la serikali ya wakati ule. Ramani ya marumaru iliyo chini ni zawadi ya Afrika Kusini ya makaburu. Inaonyesha pwani yetu na miaka ya meli kufika, basi.

#10 mama_vigae

Nimesubiri vigae visemwe, naona mmenikimbia.

Vigae vya Lisbon, azulejo, kila kimoja ni kama sentimita 14 kwa 14. Kuna vya ndani na vya nje, na ni historia mbili tofauti. Vya bluu na nyeupe vyenye picha kubwa za watu na mandhari ni vya mwishoni mwa karne ya 17 na ya 18, vilichorwa kwa mkono, vinakaa makanisani na majumba ya wakubwa. Vya nje, vile unavyoviona mitaani vikifunika nyumba nzima kwa maua na miraba, vingi ni vya karne ya 19: rangi ilipitishwa kwenye karatasi ngumu iliyokatwa maua, au ikapigwa chapa kiwandani. Faida yake ni ya kawaida kabisa. Mvua haipenyi ukutani na hupaki rangi kila miaka michache.

Jinsi ya kutofautisha kilichochorwa na kilichopitishiwa karatasi: sogea karibu. Cha mkono mstari wake unanenepa na kukonda, na majani mawili hayalingani. Cha karatasi kingo ni kali na mahali pengine kuna pengo dogo kati ya rangi na rangi, ambapo karatasi ilibidi ishikane isikatike. Mfano mzuri wa mkono kwa nje ni jumba la Viúva Lamego, Largo do Intendente, kiwanda cha 1849. Mbele yake pamechorwa na Luís Ferreira, maarufu kama Ferreira das Tabuletas.

Kwa nini vinadondoka? Chumvi na unyevu. Maji yanapanda ukutani kutoka ardhini au yanaingia juu kwenye mfereji uliopasuka, yanayeyusha chumvi, halafu yakikauka chumvi inaganda nyuma ya rangi ya kioo na kuisukuma itoke. Utaona unga mweupe na magamba. Fundi asiyejua anarudishia kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko kigae, haipumui, inafunga unyevu ndani, na safari hii kigae kinapasuka chenyewe. Kinachotakiwa ni lipu ya chokaa na mchanga. Ukigonga kigae kwa kifundo cha kidole kikatoa sauti ya uwazi, kimeshaachia.

Soko la Feira da Ladra, Campo de Santa Clara, Jumanne na Jumamosi, utaona vigae vya zamani vimepangwa chini kwa bei ya chai. NISIKILIZENI: msinunue. Vingi hung'olewa usiku kwenye nyumba za watu. Polisi wa upelelezi wanaendesha mradi wa SOS Azulejo tangu 2007 kwa ajili hiyo, na tangu 2017 sheria ya nchi inazuia kuviondoa kwenye kuta za nje bila sababu ya msingi iliyokubaliwa. Mpya vya kiwandani vipo, nunua hivyo. Namna ya kutambua kilichong'olewa: geuza mgongoni, utakuta lipu kuukuu na kingo zilizomeguka kwa patasi.

Museu Nacional do Azulejo ina picha ya mji mzima kabla ya tetemeko, ya mwaka 1700 hivi, urefu wake kama mita 23. Hakuna pengine utakapoiona Lisbon ya zamani kwa ukaribu zaidi ya hapo. Makumbusho haya yana vipindi vya ukarabati, hakikisha yamefunguliwa kabla ya kwenda, maana yako mbali na metro.

#11 NyotaNjema

Dada mama_vigae nimeipenda hiyo ya kugonga. Sasa niambieni vilima. Magoti yangu si ya kuchezea.

#12 Mzee wa Ngazi

Hapa ndipo penyewe. Kupanda bila kupanda:

Kwenda ngomeni, ingia jengo la Rua dos Fanqueiros lenye lifti ya umma, Elevador Castelo. Ni bure. Unatokea Rua da Madalena. Vuka, panda kidogo hadi Chão do Loureiro, jengo lenye supamaketi chini na maegesho juu. Lifti yake nayo ni bure, inakutoa karibu na Costa do Castelo. Kutoka Martim Moniz kuna ngazi za umeme, Escadinhas da Saúde, ila zinaharibika mara kwa mara.

Kutoka Baixa kwenda Chiado, ingia kituo cha metro cha Baixa-Chiado mlango wa Rua do Crucifixo, panda ngazi za umeme mfululizo utokee Largo do Chiado. Hupiti kwenye mageti, kwa hiyo hulipi. Watu wanapanga foleni ndefu jua kali kwa ajili ya Elevador de Santa Justa ya 1902, kumbe ukizunguka hadi Largo do Carmo unafika daraja lake la juu kwa miguu.

Kuhusu zile tramu za kuvutwa kwa kebo mlimani: Elevador da Glória ilitoka relini tarehe 3 Septemba 2025, watu 16 wakafa. Kebo iliyounganisha mabehewa mawili iliachia mahali ilipofungwa, na breki zilizobaki hazikutosha kulisimamisha behewa. Nyingine zilisimamishwa zikaguliwe. Kabla ya kupanga safari angalia tovuti ya Carris, kampuni ya mabasi na tramu za mji, kujua ipi inafanya kazi.

Tramu 28E: reli zake zina upana wa milimita 900 tu, ndiyo maana vibehewa ni vifupi na vinakata kona za Alfama ambazo basi haliwezi. Usipandie Martim Moniz saa nne asubuhi, utasimama foleni mpaka uchoke. Pandia mwisho wa pili, Campo de Ourique, mapema. Wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii wanavyoipenda: wanafanya kazi mlangoni wakati wa kupanda, mmoja anakuzuia mbele, mwenzake yuko nyuma. Begi lije kifuani. Kama unachotaka ni kupanda tramu ya zamani tu, 24E kutoka Praça Luís de Camões kwenda Campolide ina nafasi.

Kadi ya nauli, Navegante, ni senti 50, kila mtu yake, watu wawili hawawezi kutumia moja. Kumlipa dereva taslimu ni ghali mara kadhaa.

#13 Chokaa na Mawe

Mzee umemaliza, nami niongeze habari ya chini ya viatu. Njia za miguu ni calçada, vipande vya jiwe la chokaa jeupe na jeusi. Yale mawimbi ya uwanja wa Rossio yalitandazwa 1848–49, baada ya jaribio la kwanza lililofanywa na wafungwa wa ngomeni 1842. Fundi anakaa kwenye kigoda kifupi, jiwe kiganjani, analipasua kwa nyundo mpaka liwe mche wa sentimita tano au sita, analipanga juu ya tabaka la mchanga au vumbi la mawe akifuata kiunzi cha mbao chenye umbo la ua. Kisha hufagiliwa mchanga kwenye nyufa, humwagiwa maji, hushindiliwa kwa mchi mzito wa mbao. Hakuna saruji, kwa hiyo maji ya mvua yanapenya ardhini.

Udhaifu wake ni mwingi. Chokaa inang'arishwa na soli za watu, na ikilowa kwenye mteremko inateleza vibaya. Magari yakipanda juu, mchanga wa chini unazama na mawe yanachomoka. Jiwe moja likitoka, ya jirani yanalegea. Kampuni za mabomba zikichimba, anayerudishia si fundi, utaona ua limekatika katikati. Jiji lina shule ya mafundi hawa tangu 1986 lakini kazi ni ngumu na vijana ni wachache. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno. Visigino viache hotelini.

Ukishafika Rossio, sogea Largo de São Domingos pembeni yake. Kanisa liliungua 1959. Walirudisha paa lakini nguzo zikaachwa zimepasuka na moto, kuta zina rangi ya udongo mwekundu. Nje kuna jiwe la kumbukumbu la Wayahudi waliouawa Aprili 1506, mauaji yaliyoanzia humo kanisani. Uwanja huohuo ni kijiwe cha Waafrika, hasa wa Guinea-Bissau: kina mama wanauza karanga, viungo na kola, wazee wanabishana siasa. Si maonyesho ya watalii, usiwapige picha bila kuomba. Na ukishuka Rua do Poço dos Negros (Mtaa wa Shimo la Weusi), upande wa magharibi, ujue mfalme Manuel aliagiza 1515 lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa bila kuzikwa.

#14 Kibegi

Vipi swala na chakula cha halali?

#15 Mwana wa Kisiwani

Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985. Waumini wengi wa mwanzo walikuwa watu wenye asili ya Kihindi waliotoka Msumbiji. Chakula cha halali nenda Rua do Benformoso, Mouraria, mtaa wa Wabangladeshi: pilau, biriani, chapati, chai ya maziwa. Mouraria ndiyo sehemu waliyotengewa Waislamu baada ya mji kutekwa 1147, na leo tena adhana inasikika vyumbani humo. Ismailia nao wana kituo kikubwa cha 1998, kazi ya Raj Rewal, na makao ya Imamu wao yako katika jumba la Henrique de Mendonça, tajiri wa kakao ya São Tomé.

Kwenye migahawa ya kawaida: mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hujaagiza si zawadi. Ukivigusa unalipia. Kama huvitaki mwambie mhudumu avirudishe. Mchana uliza prato do dia, yaani chakula cha siku, na ukiona meia dose ujue nusu hiyo inamshibisha mtu mmoja.

#16 Kibegi

Asanteni wakuu. Mtu akiwa na saa nane tu za kuunganisha ndege inatosha?

#17 Mzee wa Ngazi

Kwanza viza ya Schengen. Bila hiyo kwa pasi zetu hutoki uwanjani, hata kama tiketi ni ya kupita tu. Ukiwa nayo, toa saa tatu za kurudi na ukaguzi, na saa moja ya kutoka. Unabaki na nne. Metro nyekundu kutoka Aeroporto hadi Alameda, badilisha ya kijani, shuka Rossio. Fanya São Domingos, Rua Augusta, tao, Praça do Comércio, basi la 714 hadi kwenye dhahabu ya Kilwa, urudi. Ngome na Belém acha. Na kama siku hiyo ni Jumatatu, badala ya makumbusho panda lifti za Fanqueiros uishie Santa Luzia, pale pa kutazamia mji.